Lango Lile Lile: Maji, Ubongo na Jeraha la Kichwa

Maneno haya yalisemwa na daktari, Mtwara mjini, mbele ya wauguzi, wanafunzi wa utabibu na madereva wa bodaboda. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, salamu ndefu na marudio vikiwa vimepunguzwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao sijawagusa, habari za asubuhi.

Wazee wangu, mama zangu, wanangu mnaosomea utabibu na uuguzi, na ninyi ndugu zangu wa vijiweni mlioegesha pikipiki saa ambazo abiria ndio wanatafutwa, ahsanteni sana. Niliombwa nizungumzie ajali za kichwa. Nikajibu kwamba nitazungumzia maji, na wenyeji wangu wakacheka, wakadhani nakuja kudai bomba. Subirini kidogo mtaona.

Mtu ameanguka na pikipiki barabara ya Mikindani. Amezimia dakika chache, ameamka, amekaa chini ya mkorosho, ameuliza simu yake iko wapi. Ndugu wakashukuru Mungu. Kesho yake usingizi unamzidi, keshokutwa yuko mahututi. Watu watasema ameuawa na lami. Kwa kweli lami ilianza tu kazi. Kilichoimalizia ni ama damu iliyovujia ndani ya fuvu, ama maji yaliyoujaza ubongo, au vyote viwili. Damu naiacha kwa mabingwa wa upasuaji, maana hiyo dawa yake ni kufungua na kuitoa. Mimi leo ni wa maji.

Fuvu la mtu mzima lina nafasi ya karibu lita moja na nusu. Karibu asilimia 80 ya nafasi hiyo ni ubongo wenyewe, asilimia 10 hivi ni damu iliyomo kwenye mishipa, na asilimia 10 hivi ni yale maji meupe yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Kifundo cha mguu kikivimba, ngozi inatanuka, unavua kiatu, maisha yanaendelea. Mfupa wa kichwa hautanuki. Alexander Monro wa Edinburgh aliliandika jambo hili mwaka 1783, na George Kellie akaja kulikazia: ndani ya fuvu, kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Kwa hiyo ubongo unapoanza kuvimba, maji meupe husukumwa kuelekea mgongoni, kisha damu ya vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni, nayo hukamuliwa itoke. Hapo mgonjwa bado anaongea, bado anakujibu. Nafasi hiyo ya akiba ikiisha, shinikizo hupanda ghafla. Kwa kawaida halizidi milimita 15 za zebaki. Likipita 22, wenye vifaa vya kulipima huanza kupambana nalo. Likiachwa, ubongo husukumwa chini kwenye tundu la kitako cha fuvu, mahali penye mitambo ya pumzi.

Wanafunzi, hapa naomba masikio. Mgonjwa wa kichwa ambaye mapigo ya moyo yanapungua, presha inapanda na pumzi inaenda kwa kusuasua, msiandike kwenye faili kwamba ametulia. Huyo anaondoka.

Sasa, maji hayo yanaingiaje?

Maji hufuata chumvi. Seli ya ubongo hukaa ikisukuma sodiamu nje saa zote, mchana na usiku, na kazi hiyo inakula nishati mno. Ndiyo maana ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Jeraha likikata damu na oksijeni, pampu hizo hulegea ndani ya dakika. Sodiamu inaingia, maji nyuma yake. Hadi hapo hata kitabu cha zamani kitakwambia. Kilichobaki kitendawili kwa miaka mingi ni namna maji yanavyopita haraka kiasi kile kwenye utando wa seli, ilhali utando huo ni wa mafuta.

Jibu lilimjia mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine, na mimi kisa hiki nakipenda kuliko nilivyopaswa. Peter Agre, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, alikuwa akichunguza protini za kundi la damu la Rh, lile la chanya na hasi. Kila akisafisha sampuli ya chembe nyekundu, protini moja ndogo isiyojulikana ilikuwa inang'ang'ania kubaki. Wengine wangeiona uchafu. Yeye akaichukua, na kikundi chake kikaweka maelekezo ya kuitengeneza ndani ya mayai ya chura. Mayai ya chura yanajiweza majini. Hayapitishi maji ovyo. Lakini yale yaliyopewa protini ile, yalipowekwa kwenye maji yenye chumvi chache, yalivimba na kupasuka baada ya dakika chache, na wenzao pembeni wakabaki vile vile. Hiyo ilichapishwa mwaka 1992. Mwaka 2003 Agre akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Roderick MacKinnon, aliyefanya kazi kwenye njia za chembe za chumvi.

Protini hizo ndizo akwaporini. Ni vitundu kwenye utando wa seli, vyembamba kiasi kwamba molekuli za maji hupita moja moja kwa mstari, hakuna kupigana vikumbo, na hata hivyo tundu moja hupitisha karibu molekuli bilioni 3 kwa sekunde. Binadamu tuna aina 13. Ziko kwenye figo, ziko kwenye macho, kwenye tezi za mate. Ya kwetu leo ni akwaporini-4, inayotawala ubongoni.

Na angalieni ilipokaa. Haiko kwenye neva zenyewe, zile zinazofikiri na kukumbuka. Iko kwenye seli za kuzihudumia, zinazoitwa astrositi, zenye umbo kama la nyota. Astrositi hunyoosha miguu na kuikanyagisha kwenye mishipa midogo ya damu mpaka mshipa wote unafunikwa. Kwenye nyayo hizo, upande unaotazama mshipa, ndipo akwaporini-4 zimepangwa kwa wingi. Zipo pia pale ubongo unapopakana na maji meupe. Maana yake zimewekwa mipakani.

Mwaka 2000 watafiti wa San Francisco, akiwemo Geoffrey Manley ambaye ni daktari wa upasuaji wa ubongo, na Alan Verkman, walichukua panya waliozalishwa bila akwaporini-4. Waliwapa maji mengi kupita kiasi, na wengine wakawazibia mshipa wa ubongo ili wapate kiharusi. Panya wasio na protini hiyo walivimba ubongo kidogo kuliko wenzao. Kwa wale wa kiharusi, uvimbe wa upande ulioumia ulipungua kwa asilimia 35 baada ya saa 24. Mnaona mawazo yalikokimbilia. Zibeni tundu, uvimbe umekwisha, tukalale.

Miaka minne baadaye, Marios Papadopoulos na Verkman huyo huyo walirudia na panya wa aina ile ile, wasio na akwaporini-4, ila safari hii jeraha lilikuwa la namna nyingine. Waliwagandisha sehemu ya ubongo kwa baridi, wengine wakawapandikiza uvimbe wa saratani, wengine wakawatia majimaji moja kwa moja ndani ya ubongo. Matokeo yakageuka. Panya wasio na tundu za maji ndio waliopata shinikizo kubwa zaidi, na hali zao zikawa mbaya zaidi.

Hapa wenyeji wa pwani mtanielewa kabla ya wanafunzi wangu. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi anajua kazi ya lango. Bamvua likija, maji ya bahari yanaingia kwa lango. Lango likiachwa wazi siku isiyotakiwa, bwawa linafurika, na mtu mwenye hasira atasema lango hili tulipigilie misumari. Haya, pigilia. Kisha tuta linabomoka upande wa pili, au mvua inashuka ya nguvu, bwawa linajaa kwa juu. Bahari imekupwa, unataka kuyatoa maji, unayatolea wapi? Lango lile lile uliloliziba.

Ubongo nao una mafuriko ya aina mbili, na aliyezitenganisha vizuri ni Igor Klatzo, mwaka 1967, kabla hata akwaporini haijajulikana. Aina ya kwanza, seli zenyewe zinakunywa maji kwa sababu pampu za chumvi zimelegea. Mishipa bado mizima. Hapo maji yanapita kwenye akwaporini-4 kuingia, na kukosa tundu kunapunguza balaa. Aina ya pili, ukuta wa mshipa umevunjika, majimaji ya damu pamoja na protini zake yanavuja na kutuama katikati ya seli. Hayo hayakuhitaji tundu kuingia. Ila yanazihitaji ili yatoke kurudi kwenye damu na kwenye maji meupe.

Sasa niambieni, kijana aliyegonga kichwa kwenye daraja ana aina gani? Zote mbili. Wakati mmoja, kichwa kimoja, na uzito wa kila aina unabadilika kadiri saa na siku zinavyosonga. Kwa hiyo dawa ya kuziba tundu inaweza kumfaa saa ya kwanza na kumdhuru siku ya tatu. Hii ndiyo sababu tangu mwaka 2000 hadi leo hamjaiona dawa hiyo kwenye kabati la wodi, na mtu akikuuzia mtandaoni kitu cha "kukausha maji ya ubongo", mwache na mzigo wake.

Kuna njia nyingine iliyonivutia. Mwaka 2020 kikundi cha Philip Kitchen na Roslyn Bill wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, kilionyesha kwamba seli ikikosa oksijeni, akwaporini-4 ambazo zilikuwa zimehifadhiwa ndani huhamishwa na kupelekwa juu ya utando. Protini iitwayo kalmodulini inahusika kuzipeleka. Wakajiuliza: badala ya kuziba tundu, kwa nini tusizuie zile za ziada zisipande? Wakatumia trifluoperazini, dawa ya zamani ya magonjwa ya akili, ambayo huizuia kalmodulini. Panya walioumizwa uti wa mgongo wakapewa dawa hiyo walirudi kutembea vizuri ndani ya wiki 2 hivi. Wasiopewa, baada ya wiki 6 bado walikuwa na kasoro.

Ni kazi nzuri. Lakini ni panya, na dozi ilitolewa mapema na mahali palipopimwa. Naomba nisisikie muuguzi wa zamu ya usiku amekwenda kuchukua trifluoperazini wodi ya akili akampa majeruhi kwa sababu kuna daktari alihutubia Mtwara. Dawa hiyo inaleta usingizi, nawe unamhitaji mgonjwa wako awe macho ili ujue anakwenda wapi.

Tuje kwenye mikono yetu wenyewe, maana maji haya tunayagusa kila siku bila kuyataja.

Dripu. Mtu wa kichwa akiletwa, ndugu wanataka kuona dripu imetundikwa, na dripu iliyo karibu mara nyingine ni ya sukari, deksitrosi asilimia 5. Sukari ile mwili unaitumia upesi, yanayobaki ni maji matupu yasiyo na chumvi. Damu inakuwa nyepesi kuliko ndani ya seli, na akwaporini zinafanya kazi yake ya bilioni 3 kwa sekunde. Umeongeza mafuriko kwa mkono wako. Tumia ya chumvi ya kawaida, asilimia 0.9. Sukari mpe yule ambaye umempima ukaikuta imeshuka.

Steroidi. Kwa miongo tuliwachoma majeruhi wa kichwa deksamethasoni na jamaa zake kwa kuamini zinapunguza uvimbe, na kwa uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo kweli husaidia. Kwa ajali, utafiti uitwao CRASH, wa wagonjwa zaidi ya 10,000, ulitoa majibu mwaka 2004: waliopewa steroidi walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Suala hilo lilifungwa siku hiyo, ingawa mkono wa mazoea bado unaichukua ile chupa.

Manitoli, dawa ya kuvuta maji inayopitishwa kwenye mshipa, na dripu ya chumvi kali ya asilimia 3 hufanya kinyume cha dripu ya sukari: huifanya damu iwe nzito, maji yakavutwa kutoka ubongoni. Njia yake ni tundu zile zile. Zinanunua muda, hazitibu. Kwa mgonjwa anayetoka Liwale au Nanyumbu kwenda kwa daktari wa upasuaji, huo muda ndio anaouhitaji. Dawa ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, nayo ina saa yake: utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019 uliona faida kwa majeruhi wa kiwango kidogo na cha kati walioipata ndani ya saa 3. Wale waliokuwa tayari mahututi haikuwasaidia.

Na oksijeni. Nimesema pampu za chumvi zinalegea kwa kukosa oksijeni, na tundu za ziada zinapanda kwa kukosa oksijeni. Basi njia ya hewa ndiyo dawa ya kwanza ya uvimbe, kabla ya kila kilichoko kabatini.

Sasa nageukia vijiwe. Mnaokota wenzenu barabarani kabla yetu, na mnawapenda, nimeona. Lakini namna mnavyowaleta! Majeruhi amepakiwa mshikaki, dereva mbele, mwingine nyuma anamkumbatia, kichwa kimelala kifuani kinacheza kila kwenye tuta. Shingo ikipinda hivyo, koo linabanwa, na vena zinazotoa damu kichwani nazo zinabanwa. Hewa imepungua, damu ya kutoka imezuiwa. Shingo nayo huenda imevunjika. Tafuteni bajaji, pikapu, gari la korosho, chochote ambacho mtu atalala ndani yake, shingo na mwili vikiwa mstari mmoja. Akitapika, mgeuzeni ubavu wote kwa pamoja, kama gogo. Na lile dafu mnalompasulia ili apate nguvu, mnyweni ninyi. Mtu ambaye fahamu hazijakaa sawa, dafu linaingia mapafuni.

Nichepuke kidogo kwa ajili ya mama zangu wa wodi ya watoto, kwa kuwa malaria ya kichwani mnaijua kwa majina. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi Blantyre, kwa majirani zetu Malawi, walichapisha picha za ubongo za watoto 168 wenye malaria hiyo. Kati ya waliofariki, asilimia 84 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Kwa waliopona, asilimia 27. Chanzo cha uvimbe huo si kama cha pikipiki, lakini fuvu ni lile lile. Na bwana Agre, baada ya Nobel yake, alihamia kwenye malaria, akafanya kazi na watu wa Zambia na Zimbabwe. Sijui kama aliwahi kuonja korosho zetu.

Basi, maswali.

Ndugu pale nyuma anauliza kama helmeti inazuia hayo maji. Inazuia yasianze. Tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja, mwaka 2008, helmeti ilionekana kupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Ila ni ile iliyovaliwa, kamba ikafungwa chini ya kidevu. Naona nyingi zimetundikwa kwenye usukani zikisubiri trafiki atokee. Na abiria? Kina mama wanalalamika kofia ya kijiweni inanuka jasho la watu kumi. Wana haki. Wekeni kitambaa safi ndani, kofia ifuliwe, na mmoja wenu awe wa kwanza kununua mbili.

Mwanangu wa mwaka wa pili ameuliza kama kuna binadamu ambaye akwaporini-4 zake zimeharibika. Wapo ambao kinga ya mwili wao wenyewe inazishambulia. Mwaka 2005 Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walithibitisha kwamba hizo ndizo zinazolengwa. Wagonjwa hao hupofuka au kupooza miguu. Ni ugonjwa adimu, soma ukikutana nao.

Na mama aliyeuliza akae na mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani kwa muda gani: uvimbe wa maji mara nyingi hukua kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wakati mwingine hata ya tano, kwa hiyo usimwache peke yake siku hizo. Kulala alale. Lakini usiku huo wa kwanza mwamshe mara kadhaa, muulize jina lake, yuko wapi, wewe ni nani kwake. Akikujibu vizuri akakukasirikia kwa kumwamsha, vyema. Asipoamka kirahisi, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiongea visivyoeleweka, mkono mmoja ukilegea, akipata degedege, au ukimmulika na tochi ya simu ukaona mboni ya jicho moja imetanuka kuliko nyingine, huo si uchovu. Usisubiri kukuche. Hata kama ni saa nane za usiku, mgongee jirani mwenye gari.